Mtani Wangu Nilimzika kwa Adabu

Jumamosi, Woolwich, London. Mvua ya hapa haina haya, hainyeshi ikaisha wala haiachi tukaanika nguo. Nimetoka asubuhi na mwavuli, nimerudi bila mwavuli, mkononi nina viatu vya kiume namba tisa vilivyokuwa vya marehemu. Nimeviweka juu ya meza ya jikoni, kwenye gazeti, nimekaa naviangalia. Mama yangu angeona viatu mezani angenizaba kofi.

Sijisikii vizuri. Wacha niandike tu.

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tumzike Mzee Kondo, na leo ndiyo nimejua nilimfanyia nini. Hapana, nasema uongo. Nilijua siku ileile, ila nilijitia hamnazo.

Mzee Kondo alikuwa mtani wangu. Wa Tanzania mmeshaelewa, lakini humu mtandaoni wanasoma pia ndugu zangu wa Kongo na wa Mombasa, kwa hiyo nieleze. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu yana utani tangu enzi za mababu. Maana yake Mzaramo anaweza kunitukana mchana kweupe mbele ya wakwe zangu na siruhusiwi kununa. Anaweza kumkamata kuku wangu akamchinja, nami nikamfanyia vilevile. Na mmoja akifa, kazi ya mtani ni kwenda msibani kuvuruga huzuni. Unamwigiza marehemu anavyotembea, unatangaza uchoyo wake, unazuia watu mlangoni wasitoke kwenda kuzika, unanyakua kitu chake na kukimbia nacho. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Hapo ndipo wafiwa wanapata kushusha pumzi.

Tulikutana Stratford, miaka mingi nyuma, kwenye usafi wa maofisi. Mimi mgeni, hata ile mashine ya kusugulia sakafu siijui inawashwa wapi. Akanisikia naongea na mama kwenye simu. Akaja na ndoo yake, akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Tabora. Akanichungulia shingo upande wa kushoto, akanichungulia upande wa kulia, akauliza, "Na shingo yako iko wapi? Mliiacha Bagamoyo chini ya pembe za ndovu?"

Jamani! Nilikuwa sijacheka tangu nitue nchi hii. Nikamjibu palepale kwamba sisi angalau tulibeba, wao walikaa njiani wanapiga ngoma, wakingoja tupite watuibie. Tulipayuka mpaka msimamizi akaja mbio akidhani tunapigana.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu. Akinipigia simu anaanza na "Mpagazi, umeshatua mzigo?" Nami namjibu kwamba bado, namngoja mvivu mmoja anipokee. Mke wake, wifi Tatu, alizoea. Nikiingia kwao naenda moja kwa moja jikoni, nafungua friji bila kuomba, nabeba. Mwaka mmoja nilibeba pilau lote la Idi na sufuria lake. Krismasi yeye akaja kwangu akaondoka na kuku aliyekuwa bado kwenye oveni, kashika trei kwa kanga yangu, anakimbia ngazini kwa miguu yake ile mibovu. Binti yao Mwajuma alikuwa bado mdogo. Alizaliwa hapahapa London, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alimuuliza mama yake kama shangazi ni mwizi.

Mzee Kondo ndiye aliyenifundisha chanzo cha haya yote. Shuleni mimi nilikariri habari za misafara kwa ajili ya mtihani, basi. Yeye alisimuliwa na babu yake. Tukiwa mapumzikoni, tumegeuza ndoo tumezikalia, alinieleza jinsi watu wa kwetu walivyoshuka pwani na pembe mabegani, wakikatiza Uzaramo. Wazaramo wakadai hongo, maana siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu. Wakapigana, wakauana. Mwisho wakachoka, wakaona heri watukanane kuliko kuchomana mikuki. Mpite, mle, ugomvi tuutoe kwa mdomo.

Jambo moja alilirudia kila mara. Mpagazi akianguka njiani kwa homa, msafara haukusimama. Mwenye pembe alikuwa na haraka ya kufika sokoni. Aliyebaki kumzika alikuwa mtani, mtu asiye wa damu yake wala wa lugha yake. Na alimzika kwa matusi, ili marehemu asiingie ardhini kama mzigo uliodondoka. Sijui kama ilikuwa hivyo kila mahali. Kwa babu yake Mzee Kondo ilikuwa hivyo, na mimi nikaamini.

Njia ileile ya pembe ndiyo iliyopitisha watu waliofungwa minyororo, na ndiyo iliyoleta msahafu, kisha Biblia. Ukoo wetu ulipata vyote. Babu wa babu yangu alirudi kutoka pwani na kanzu na jina jipya, akawa Mwislamu. Mjukuu wake, yaani babu yangu mimi, alitaka shule, na shule yenyewe ilikuwa ya misheni, kwa hiyo akabatizwa. Wakati huo wakoloni walishalaza reli kufuata njia ya wapagazi, na watu waliokuwa wanajulikana kwa mabega yao sasa walijulikana kwa risiti za kodi. Babu akapata ukarani wa reli. Karani hawezi kufanya mzaha makaburini, padri alimwambia ni ushenzi. Babu akaacha utani kabisa, akawakataza na wanawe.

Alipokufa, watani wake Wazaramo waliokuwa wakikaa Tabora walikuja. Wakazuiwa getini kwa sababu mwili uko kanisani. Mama alinisimulia kwamba walikaa nje ya uzio na makopo yao ya kupiga, wamevaa magunia, wamejipaka masizi tayari kwa kazi, mpaka watu wakatawanyika. Wakaondoka bila kufungua mdomo.

Nilikuwa namhukumu sana babu kwa hilo. Nilimsema mbele ya Mzee Kondo, tena kwa kiburi. Nilisema karani yule aliuza desturi kwa kola nyeupe.

Kola nyeupe! Na mimi je?

Miaka miwili iliyopita sukari ilipoanza kumshinda Mzee Kondo, tulikaa kwenye benchi pale sokoni Woolwich, yeye anakula sambusa alizokatazwa na daktari. Akasema, "Mpagazi, nikitangulia usije ukanililia kama Mwingereza, na kitambaa puani. Njoo unizike vizuri." Nikamwahidi. Nikamwambia nitamtukana mpaka malaika wazibe masikio. Alicheka akapaliwa, nikampigapiga mgongoni, nikamalizia sambusa zake.

Akatangulia kweli. Jumatatu ile simu ilipoingia nilikuwa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, namsaidia bibi mmoja kuvaa soksi. Nilimalizia soksi ya pili, nikaenda chooni, nikalia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na sitajitetea.

Mimi ni kiongozi wa kinamama kanisani kwetu. Wengi wetu pale ni wa Kongo ya mashariki, na mchungaji wetu ni mtu wa Bukavu, mtu mwema sana, mwaka jana alinifanyia mpango wa nyumba nilipokuwa sina pa kulala. Aliwahi kufundisha kwamba mila za makaburini ni milango ya giza. Nilisema amina, tena kwa sauti ya kusikika nyuma. Basi siku ya msiba kinamama wawili wa kanisani wakasema watanisindikiza kumpa pole rafiki yangu Mwislamu. Ningewakataliaje? Tukaenda watatu, tumevaa nyeusi, mikoba magotini.

Sebuleni kulikuwa na kijana wa msikitini, ustadhi mwenye ndevu nzuri, anasoma. Nikamwogopa naye. Kinamama wa kanisani wangeniona mshenzi, yeye angeniona kafiri anayemchezea maiti. Na jirani Mwingereza alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai, nikamwogopa naye pia. Yaani mtu mzima mimi nilikaa kwenye kochi la mtani wangu nikiogopa watu wa pande tatu.

Nilikuwa na adabu sana. Nilimshika wifi Tatu mkono, nikamwambia pole kwa sauti ya chini. Nikaosha vikombe. Wifi aliniangalia, nikadhani anataka chai, nikamletea. Akaniangalia tena, nikamletea maji. Mara ya tatu nikampelekea mto aegemee.

Wanaume waliposimama kwenda msikitini kumsalia, pale ndipo nilipotakiwa kuziba mlango. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yako kifuani yanagonga. Nikamtazama mmoja wa wale kinamama wa kanisani. Nikakunja miguu, wanaume wakapita.

Kuna kitu kingine. Pale mlangoni viatu vya wageni vilikuwa vimerundikana, lakini jozi moja ilikuwa peke yake juu ya gazeti, imepigwa rangi, inang'aa. Viatu vya Mzee Kondo vya kahawia, vya kutokea. Niliviona wakati wa kuondoka. Nikainama nikavisogeza ukutani vizuri, visigusane na vya watu, nikavinyoosha kamba. Nikajisifu moyoni kwamba nimesaidia usafi.

Leo asubuhi nimekwenda kumtazama wifi. Yuko eda, hatoki, na mimi nilikuwa nimemkwepa tangu maziko kwa visingizio vya shifti. Nimempelekea asali ya Tabora niliyoletewa. Tumekaa, tumezungumza habari za baridi na bili ya gesi. Kisha bila kubadilisha sauti akaniuliza, "Hivi siku ile ulituonea aibu, mtani?"

Nikaanza kueleza habari za kanisa, za ustadhi, za kuheshimu nyumba ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Heri angenikatiza.

Akasema yule ustadhi ni mtoto wa Kizigua na alikuwa anashangaa mbona watani hawaonekani. Kwao Handeni ni walewale tu, wana utani na Wanyamwezi. Jamani! Huyo niliyemwogopa kuliko wote naye alikuwa mtani wangu.

Mwajuma akatoka chumbani, sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba baba yake alipokuwa hospitali aliwapanga wote. Aliwaambia shangazi atakuja, atapiga kelele, atamtukana, atachukua viatu vyake vya kahawia, na mtu asimzuie wala asikasirike. Ndiye yeye Mwajuma aliyevipiga rangi usiku wa kuamkia maziko na kuviweka mlangoni. Alikuwa ameshajiandaa hata kumweleza yule jirani. Alikaa ananingoja. Aliponiona nimeinama kwenye viatu akajua kazi ndiyo inaanza, akamgusa mama yake.

Nami nikavinyoosha kamba nikaenda zangu.

Wakaviacha pale siku zote za matanga. Wakaviacha karibu mwezi mzima. Kila kengele ya mlango ikilia, Mwajuma alidhani ni mimi. Wiki iliyopita walipotoa nguo za marehemu, akavitia kwenye mfuko na vingine, akapeleka duka la charity, lile linalouza mitumba ya hisani, kule barabara kuu. Aliniomba radhi. Mtoto wa watu ananiomba radhi mimi.

Sikumbuki niliagaje. Najua mwavuli niliusahau kwao. Nilishuka ngazi, nikakatiza sokoni katikati ya wauza viazi vikuu na mabegi, nikagongana na mtu wa samaki akanifokea kwa lugha yake. Umri wangu huu nakimbia kwenye mvua. Kila hatua naomba Mungu vile viatu visiwe vimenunuliwa, halafu nasita, sijui kama ombi lenyewe linafaa kupelekwa kwa Mungu ninayemwimbia Jumapili. Nikaomba tu.

Vilikuwepo. Rafu ya chini, kati ya viatu vya mpira na buti la mtoto. Soli ya kushoto imelika upande wa nje, maana mguu wa kushoto alikuwa anauburuta. Ningevijua hata gizani.

Nilijua kinachotakiwa. Mtani haombi, mtani hanunui, mtani ananyakua na kukimbia huku anatukana. Mlango ulikuwa hatua sita. Lakini ukinyakua viatu dukani London hiyo ni kesi ya polisi, hakuna Mzaramo pale wa kukufukuza akicheka.

Nikapanga foleni.

Mhudumu wa kaunta, mama wa Kiingereza wa makamo, mpole, akaviangalia akasema ni viatu vizuri, mume wangu atavipenda. Nikamwambia asante. Nikalipa kwa kadi. Akanipa na risiti, akasema naweza kuvirudisha ndani ya siku kumi na nne visipomtosha.

Mnyamwezi amenunua viatu vya mtani wake kwa pesa yake mwenyewe, akapewa na risiti. Mzee Kondo angelisikia hilo angegaragara chini. Angelisimulia kila msiba na kila harusi, Kisarawe mpaka Kilwa. Ndiye mtu pekee katika jiji hili zima ambaye angeelewa jinsi linavyochekesha, na simu yake imeshafungwa.

Nimelia kwenye basi. Si kile kilio cha kitambaa puani alichonikataza, nimelia kwa sauti, mpaka dereva akaniangalia kwenye kioo.

Sasa niko hapa jikoni na matusi yote yamekuja. Yalikuwa wapi siku ile? Yanakuja kwa mkupuo, sijui niyapeleke wapi, basi nayaandika.

Kondo, Mzaramo mvivu wewe. Umeona shifti za baridi zimeanza, ukaamua kufa. Umekula sambusa za watu miaka yote na hujalipia hata moja. Ulikuwa mchoyo wa pilipili, unaficha chupa nyuma ya biskuti kama sijui unapoficha. Ulikuwa unaimba vibaya, ukiimba maofisini mpaka mashine inazima. Miguu mibaya, sauti mbaya, mke mzuri ambaye hata sasa hatuelewi ulimroga na nini. Na viatu vyako vinanuka. Uliondoka bila kuaga, na uliniacha na mzigo huu peke yangu mimi, mpagazi asiye na shingo.

Nimeyasema. Yamechelewa, lakini nimeyasema.

Nimevivaa pia. Vinanipwaya. Nimetembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, nikiuburuta mguu wa kushoto kama yeye, na jirani wa chini amegonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

Arobaini itasomwa Jumamosi ijayo. Nitakwenda nimevaa hivihivi. Kesho baada ya ibada nitamwambia mchungaji mapema, asije akasikia kwa watu, na akinivua uongozi nitamwachia. Nitaingia sebuleni mbele ya ustadhi Mzigua na mbele ya yule Mwingereza na kikombe chake, nitasimama mlangoni, na hatatoka mtu. Sijui kama wifi atacheka. Utani wa siku ya arobaini si utani wa siku ya kuzika, nalijua hilo, mwanya ule umeshafungwa na udongo uko juu yake.

Babu yangu karani alikuwa na uzio wa kanisa wa kusingizia. Mimi nyumba ilikuwa wazi, nimewekewa na viatu mlangoni.

Ninachokiwaza jioni hii, nikiviangalia vyangu pale kizingitini, raba nyeupe za kazini namba tano, ni kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika hapa London, vyangu atavichukua nani bila kulipa?